Upande Wangu wa Boila

Mimi nikiudhika husafisha vitu. Wiki ile nilisugua boila zima la winchi ya zamani kwa brashi ya waya, kutu ikanijaa puani mpaka nikawa natema mate mekundu, na hasira bado ikabaki pale pale. Aliyeniudhi ni baba mkwe wangu. Si kwamba alinitamkia neno baya. Shida ndiyo hiyo: katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu hakuwahi kunitamkia neno lolote, wala mimi sikuwahi kumtamkia yeye, wala hatukuwahi kutazamana usoni.

Mimi ni Mhehe, nimekulia jirani na Tosamaganga. Kwetu baba mkwe unamwamkia, unampa kiti, na akizidisha maneno unamjibu kwa adabu mpaka anyamaze. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Kyela, na kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wenyewe wanaita ukutila. Siku hizi familia nyingi zimeacha, wakwe wanakaa meza moja wanakula wali na kucheka. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa na mkaidi wa kuzaliwa, hakuacha. Akija kwetu Soweto, pale Mbeya mjini, anakohoa langoni mara tatu, na mimi nakusanya sufuria zangu naingia chumbani. Chakula wanampelekea watoto. Nikimwona barabarani najitupa uchochoroni. Siku moja sokoni nilijibanza nyuma ya magunia ya mchele karibu nusu saa, muuzaji akaanza kunitazama kama mwizi.

Mama yangu anauza nyanya kando ya barabara kuu, Ilula. Nilipomweleza habari hizi mara ya kwanza alicheka mpaka akashindwa kuongea. "Sasa akianguka bafuni na wewe uko peke yako nyumbani?" aliniuliza. Nikamwambia nitaita jirani. "Na jirani akiwa shambani?" Nikakata simu.

Winchi yenyewe imesimama kwenye gati la zamani upande wa Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo meli ziliacha kufunga siku nyingi baada ya mchanga kujaa. Jina la gati naliacha. Ni winchi ya mvuke: magurudumu manne juu ya reli, mkono mrefu wa chuma unaoelekea ziwani, na nyuma yake boila lililosimama wima kama pipa kubwa. Chini ya boila kuna moto, juu ya moto kuna maji, maji yanatoa mvuke, mvuke unasukuma mashine, mashine inanyanyua mzigo. Hakuna siri nyingine. Baba mkwe aliiendesha tangu ujana wake mpaka siku ilipozimwa. Alinyanyua magunia ya mpunga, saruji, mabati ya makanisa ya kule mwambao wa pili, na mara moja, watu wanasema, fahali aliyegoma kushuka melini.

Kisha ikaja habari kwamba gati litasafishwa na winchi itakatwa iwe chuma chakavu. Wazee wa pale wakaomba ibaki kama kumbukumbu, watoto wa shule waje waione. Ofisi iliyohusika ikajibu kwa barua fupi: ikiwashwa kwa usalama na kunyanyua mzigo mbele ya mkaguzi, itabaki na itaezekewa paa. Isipoweza, wakataji wanakuja na mitungi yao ya gesi.

Baba mkwe akaacha kula sawasawa. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kumwona ananiambia, "Mzee amekonda, shati linampwaya." Alitaka winchi ibaki, hilo lilijulikana. Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolitaka zaidi, na alimwambia mwanawe siku moja wakiwa wawili shambani: anyanyue mzigo nayo kwa mkono wake mwenyewe, mara moja tu, basi.

Boila ndilo lililomshinda. Mafundi waliitwa kutoka huku na huku. Walikuja, wakagonga chuma kwa kidole, wakacheka, wakaondoka. Mwisho mume wangu akapiga moyo konde akamwambia, "Baba, fundi wa boila yuko nyumbani kwangu." Ilikuwa kweli. Kabla sijaolewa nilifanya kazi miaka tisa kwenye maboila ya viwanda vya chai, Mufindi, na mpaka leo Mbeya nzima wakiharibikiwa na boila la kuchemshia wananiita mimi. Siku ya tatu mzee akatuma neno: "Aje. Lakini turubai litungikwe."

Turubai! Hapo ndipo nilipoanza kusugua chuma kwa hasira.

Likatungikwa kweli, turubai la bluu, kutoka kwenye bomba la moshi mpaka kwenye nguzo ya gati. Likaigawa mashine katikati. Upande wa mbele, ulio na mikono ya kuendeshea, geji ya presha na koki ya kuingizia maji baridi, ukawa wa baba mkwe. Upande wa nyuma, wenye mlango wa moto na kioo cha maji, ukawa wangu. Tukafanya kazi hivyo majuma matano, tumetenganishwa na kitambaa, kila mmoja anasikia nyundo ya mwenzake. Mume wangu ndiye aliyekuwa anazunguka kupeleka maneno. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwema, ila kwa mashine ni bure kabisa. Nikimwambia, "Mwambie baba nati za shingoni zimekaza," anafika kule anasema, "Baba, kuna vitu vimekaza." Mzee anauliza, "Vitu gani?" Anarudi kwangu. Jasho linamtoka kama yeye ndiye anayepigwa nyundo.

"Mama watoto, mniue tu," alinilalamikia siku moja. "Kwani mkiandikiana vikaratasi kuna dhambi gani?"

"Muulize baba yako."

"Thubutu!"

Lakini lazima niseme ukweli. Kadiri siku zilivyokwenda, nilianza kumjua mzee kupitia kitambaa. Niliona buti zake chini ya turubai, zimepasuka pembeni lakini zimepakwa dawa ya viatu. Nilisikia anavyoimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pua akipaka grisi. Na nilipozunguka kwenye upande wake jioni, akishaondoka, niliona kazi yake: kila bolti imefutwa, kila fimbo imepakwa mafuta kwa kipimo, hakuna tone lililomwagika. Mtu anayefanya kazi hivyo huwezi kumchukia. Nikazidi kuudhika kwa sababu hiyo.

Sasa nieleze kioo cha maji, maana jambo lote liko hapo. Boila halionekani ndani. Ili ujue maji yamebaki kiasi gani, ubavuni kuna bomba dogo la kioo, limeunganishwa na boila juu na chini. Maji ya ndani yakishuka, ya kioo yanashuka. Maji yakiisha juu ya moto, chuma kinawaka kikawa chekundu, na hapo ukikiingizia maji baridi, yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja na boila linapasuka. Mufindi tulionyeshwa kipande cha boila lililopasuka zamani. Kilikuwa kimejikunja kama ganda la ndizi.

Ndiyo maana kuna sheria moja ambayo kila mtu wa boila anaijua hata akiwa usingizini: kabla ya kuwasha, puliza kioo. Unafungua koki ndogo chini yake, maji na hewa vinatoka kwa nguvu, unafunga, na maji lazima yaruke yarudi haraka. Yasiporuka, njia imeziba, na kioo kinakudanganya. Ni kazi ya dakika moja.

Kioo cha zamani kilikuwa kimevunjika. Nikaweka kipya mimi mwenyewe, siku mbili kabla ya jaribio, na kukifunga kwa uzi mweupe wa pakini, ule wa pamba tunaozungusha kwenye maungio ili yasivuje. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilimtuma mume wangu akamwambie mzee kwamba kila kitu kiko tayari. Akaja na jibu: "Baba anasema asubuhi atakuja mapema, maandalizi ya kuwasha ni ya dereva." Nikaelewa hivi: kioo atakipuliza yeye, maana ndivyo walivyofundishwa madereva wa zamani. Yeye alielewa vingine. Kioo kilikuwa upande wangu wa turubai, mimi ndiye niliyekifunga, kwa hiyo alijua mimi ndiye nitakayekipuliza. Watu wengine wangeulizana tu: wewe umepuliza? Sisi hatukuulizana. Mkwe hamuulizi baba mkwe kama amefanya kazi yake, na baba mkwe haendi upande alipo mkwe kutazama.

Asubuhi nilipofika buti zilikuwa tayari chini ya turubai. Nikawasha moto. Kioo kilionyesha maji nusu. Saa tatu presha ilikuwa imepanda, na watu walikuwa wameanza kujaa: wanafunzi na walimu wao, kina mama wa soko la samaki, wazee waliowahi kubeba mizigo pale. Mzee akavuta kamba ya king'ora. Lo! Sauti ile ilitoka nzito, ikagonga milima ya Livingstone kule ng'ambo ikarudi, na wazee wawili niliowaona kwa pembeni walivua kofia. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nyuma ya kitambaa changu nilisisimka mwili mzima.

Mkaguzi alikuwa aje saa tatu. Hakuja. Saa nne hakuja. Mzee akawa anawafurahisha watu, anauzungusha mkono wa winchi bila mzigo, anaurudisha, anavuta tena king'ora. Kila baada ya muda mume wangu anachungulia kwangu: "Baba anauliza maji yako wapi?" Natazama kioo. "Nusu." Anakwenda. Anarudi. "Maji?" "Nusu." Nilikuwa nachochea makaa, uso unaniungua, moshi machoni, na nilijibu hivyo mara nne au tano bila kufikiri. Mungu anisamehe. Mashine inakula mvuke kwa saa mbili, maji yako pale pale nusu, na mimi fundi wa miaka yote hiyo sikushtuka.

Saa tano na ushei gari jeupe likaingia. Mkaguzi alikuwa mwanamume mfupi mwenye kofia ngumu ya njano, mpole, anaandika kila kitu. Akazunguka mashine yote, akaja mpaka upande wangu, akatazama kioo, akaandika, akanisalimia, akashangaa kidogo kuona turubai lakini hakuuliza. Wakafunga mzigo: magunia ya mpunga kumi ndani ya wavu wa kamba. Watu wakanyamaza. Nikasikia mzee akikohoa mara tatu kule mbele, kama anavyokohoa langoni kwetu.

Ndipo nikanusa rangi.

Tulikuwa tumepaka boila rangi mpya, nyeusi. Nikatazama juu ya mlango wa moto, kiasi cha kiuno changu, nikaona rangi inavimba. Ilitoka malengelenge madogo, halafu makubwa, halafu ikaanza kubanduka. Rangi haiungui mahali penye maji nyuma yake. Nikageuka kutazama kioo. Mashine nzima ilikuwa inatetemeka, sakafu ya gati inatetemeka, meno yangu yanatetemeka, na maji ndani ya kile kioo yalikuwa yametulia tuli.

Kisha nikamwita mume wangu kwa sauti ya chini nikamshika shati. "Mwambie asiingize maji. Asiguse koki ya maji. Mwambie tunatoa moto sasa hivi, boila halina maji."

Uso wa mume wangu ulibadilika. "Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo! Kimbia!"

Akakimbia. Nikamsikia anafika kule, nikasikia sauti yake inavyopungua nguvu mbele ya baba yake na mkaguzi na kijiji kizima. Hakuweza. Hakuweza kumfikishia mzee amri ya mkamwana wake, siku ile, mbele ya watu wale. Akasema, "Baba, shikamoo. Naona... sijui kama tungepumzika kidogo kwanza."

"Nipumzike?" mzee akajibu. "Wageni wamesimama juani, mimi nipumzike?" Watu wakacheka. "Ngoja niinyweshe maji kidogo, halafu tunyanyue."

Chini ya turubai niliona buti zikigeuka kuelekea kulia. Kulia ndiko iliko koki ya maji.

Sikumbuki kuliangusha turubai. Wanasema nililivuta likakatika kamba likaniangukia kichwani, nikatoka nalo mabegani kama mganga. Ninachokumbuka ni kifundo cha mkono wake. Niliudaka mkono wake wa kulia ukiwa tayari umeshika koki, nikaubana kwa mikono yangu yote miwili, nikapiga ukelele, "Baba, acha! Acha baba, hakuna maji!"

Watu waliguna. Mwanamke mmoja alisema "Mayooo!" na sauti yake nilijua haikuwa kwa ajili ya boila. Baba mkwe akanitazama. Alikuwa na macho ya kahawia yaliyofifia pembeni, na nywele nyeupe kwenye unyusi mmoja tu. Nilidhani atanisukuma. Mkono wake ulikuwa umekakamaa ndani ya yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Halafu pua yake ikanusa. Akageuza shingo, akaona rangi inavyobanduka.

"Moto nje!" alinguruma. "Watu wote nyuma! Nyuma!"

Tukauvuta moto pamoja, yeye na reki ndefu, mimi na koleo. Makaa mekundu yakamwagika juu ya gati, mume wangu akayafukia mchanga. Wanafunzi walikuwa wanapiga mayowe wakikimbilia barabarani, mkaguzi anawasukuma kwa kofia yake. Mzee akafungua mvuke utoke taratibu, kidogo kidogo, sikio lake likiwa karibu na chuma kuliko ilivyofaa. Boila lilikuwa linalia ndani, tik, tik, tik, chuma kikijikunyata. Nilisema, "Baba, ondoka hapo." Hakuondoka. Nikabaki na mimi. Presha ikashuka alama moja, ikakwama, ikashuka tena. Ilichukua muda wa ibada nzima. Sindano ilipogusa sifuri nikakaa chini kwenye mchanga wa moto, na niliona suruali yangu ilikuwa imelowa. Siyo kwa jasho peke yake, na sioni aibu kusema.

Chuma kilipopoa kiasi cha kushikika, alasiri, mkaguzi akataka kujua kilichotokea. Tulikuwa wanne tu karibu ya mashine: yeye, mzee, mume wangu na mimi. Baba mkwe akafungua mwenyewe ungio la chini la kioo. Akaingiza waya mwembamba, akazungusha, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kipande cha uzi mweupe wa pakini, urefu wa kidole, kimejisokota na kuziba njia.

Uzi wangu. Niliuona. Mzee aliuona. Mkaguzi alikuwa upande wa pili anaandika kuhusu rangi. Baba mkwe akafumba kiganja.

"Ni nini?" mkaguzi akauliza.

"Kutu," baba mkwe akasema. "Kutu imeziba. Ilipaswa kioo kipulizwe asubuhi kabla ya kuwasha. Dereva ni mimi. Sikukipuliza. Mashine haina kosa lolote, andika hivyo. Kosa ni la dereva."

Mkaguzi akamtazama kwa muda. Akauliza umri wake. Akaambiwa. Akaandika. Kisha, kwa upole uleule, akasema mashine ameiona kuwa nzima, atarudi baada ya majuma mawili ili ijaribiwe tena boila likishakaguliwa ndani, ila hawezi kuruhusu mzee huyu aguse tena mikono ya mashine. Siku ile wala siku nyingine yoyote. "Yuko mwingine anayeweza?"

"Huyu," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza alininyooshea kidole mimi. "Nitamwelekeza kwa mdomo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilishavunja miko ya ukoo mzima asubuhi ile, kipi kingine kilibaki cha kuvunja? Ningefungua mdomo tu: uzi ni wangu, kioo nilikifunga mimi, mwacheni mzee. Nikajiambia kwamba mkwe hambishii baba mkwe mbele ya mgeni. Nikajiambia pia kwamba fundi akionekana mbovu winchi itakatwa, na mzee atakuwa amejitoa bure. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini mimi najijua. Niliogopa. Niliogopa kuitwa fundi aliyetaka kuua watoto wa shule. Mkaguzi akafunga daftari lake akaondoka.

Mume wangu alipomsindikiza garini nilimfuata baba mkwe kwenye ukingo wa gati. Alikuwa anautupa uzi majini. Nikapiga magoti kama wanawake wa kwao.

"Baba, uzi ule ni wangu."

"Najua," akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu aliyetoka kulima shamba kubwa. "Mimi hutumia wa katani."

"Kwa nini hukusema?"

Akatazama maji. "Wangekukataza wewe, nani angeiwasha? Mimi nilikuwa nataka kunyanyua mara moja. Mara moja tu, mwanangu." Akaniambia niinuke, magoti yangu yanaungua. Nililia pale pale, sikujificha.

Ukoo ulitaka kikao kuhusu nilivyomshika. Mzee akawajibu kwamba ameshaonwa na ameshaona, wanywe chai yao waende. Kwa majuma mawili alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono kaifungia kifuani, akaniongoza kwa mdomo. "Vuta polepole. Isikie kwanza. Sasa achia." Nilipokosea alinikaripia kama alivyomkaripia mume wangu utotoni. Mara moja mkono wake ulinyooka kutaka kurekebisha wangu, ukafika karibu, akaurudisha kwapani.

Mkaguzi akarudi, safari hii mapema. Nilipuliza kioo mara tatu mbele yake, maji yakaruka. Watazamaji walifungiwa kamba mbali, hatua thelathini kutoka kwenye mashine, na baba mkwe akapangwa huko huko pamoja na watoto wa shule. Nikashika mikono. Nikavuta polepole, nikaisikia kwanza. Kamba ya chuma ikakaza, wavu ukajikunja, na magunia kumi yakaachana na gati. Yalipanda mpaka usawa wa kichwa changu, mpaka usawa wa bomba la moshi, yakatulia hewani. Vigelegele vikalipuka. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali, akaandika neno moja, na nikajua haikatwi.

Nikageuka kumtafuta mzee nyuma ya kamba. Alikuwa hapigi makofi. Alikuwa amesimama wima katikati ya watoto wanaorukaruka, macho kwenye mzigo, na mkono wake wa kulia ulikuwa mbele yake umeshika hewa. Nilipoanza kuushusha mzigo, mkono wake nao ukasogea nyuma, taratibu, kwa kipimo kile kile, mpaka magunia yakagusa chini. Ndipo akaufungua.